MISINGI YA HESABU NA MAJINA YAKE: KUTOKA RUPIA YA PESA 64 HADI KOMPYUTA

Yapo makosa ya tafsiri yanayotokana na mfasiri kutolijua jambo analolifasiri, na yapo mengine yanayotokana na lugha kukosa jina la kufaa mahali pake. Makosa ya namna ya pili ndiyo yanayotuhusu hasa sisi tunaoshughulika na istilahi, kwani si haki kumlaumu mfasiri kwa kukosa kile ambacho hatujampa.

Wakati mmoja ililetwa mezani petu rasimu ya kitabu cha mafunzo ya kompyuta ili tuikague. Katika ukurasa wake wa kwanza palikuwa na maneno haya: “Katika sura hii tutajifunza mifumo ya mbili, nane, kumi na sita.” Mfasiri alikusudia mifumo mitatu ya kuandika namba, yaani ule wa 2, ule wa 8 na ule wa 16. Lakini mchoraji wa majedwali, ambaye hakuwa na maandishi ya asili mbele yake, alisoma mifumo minne: wa 2, wa 8, wa 10 na wa 6. Akaandaa jedwali zuri lisilo na kosa la hesabu hata moja. Mwalimu aliyepewa rasimu hiyo aijaribu darasani akalifundisha jedwali kama lilivyo, na wanafunzi wake wakamaliza kipindi kizima wakizigeuza namba ziwe za mfumo wa sita, jambo ambalo halikuwamo kabisa katika kitabu cha asili.

Nani aliyekosea? Mfasiri aliandika Kiswahili sahihi. Mchoraji aliisoma sentensi kwa namna inayokubalika. Mwalimu alifundisha alichopewa. Kosa lilikuwa katika jina. Madhumuni ya makala haya ni kueleza, kwa njia ya historia, mifumo hiyo ilitoka wapi, namba hubadilishwaje kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, na ni majina gani yafaayo kutumika ili kosa la namna hiyo lisirudiwe.

NAMBA NA MAANDISHI YAKE

Yafaa kwanza tutofautishe vitu viwili ambavyo mazoea yametufanya tuvione kuwa kimoja. Namba ni kiasi. Tarakimu ni alama za kukiandikia kiasi hicho. Maembe yaliyomo kapuni hayaongezeki wala hayapungui kwa sababu mtu ameyaandika kwa njia nyingine.

Watoto wetu shuleni hufundishwa kwamba katika 158 tarakimu ya kulia ni mamoja, ya katikati makumi, na ya kushoto mamia. Kila nafasi ina thamani mara kumi ya nafasi iliyo kulia kwake. Hiyo kumi ndiyo msingi wa mfumo. Hapana sheria ya hesabu inayolazimisha msingi uwe kumi. Binadamu ana vidole kumi, basi. Msingi ukiwa nane, nafasi huwa za mamoja, za manane na za sitini na nne. Ukiwa mbili, huwa za moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Na idadi ya tarakimu zinazohitajika ni sawa na msingi wenyewe: msingi mbili wahitaji tarakimu mbili tu, 0 na 1, msingi nane wahitaji nane, 0 hadi 7.

Sasa tazama maneno yetu. Kiswahili kimewahi kubadili majina ya namba zake bila ya kuugusa msingi. Wazee walisema mtandatu, mfungate na kenda. Leo twasema sita, saba na tisa, maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na mfungate imebaki katika fungate ya maharusi, ambayo asili yake ni siku saba. Ishirini, thelathini, mia na elfu nazo ni za Kiarabu. Majina yalikuja na mengine yakaondoka, lakini kumi ilibaki kuwa kumi. Kwa hiyo mtu anaposema “kumi na sita” amekwisha kuhesabu kwa msingi wa kumi kabla hajaandika tarakimu hata moja: jina lenyewe lasema “kumi moja, na sita juu yake”.

PISHI NA RUPIA

Itakuwa makosa kudhani kwamba watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawakuijua misingi mingine mpaka ilipokuja kompyuta. Vipimo vya nafaka ni ushahidi wa kwanza. Vibaba viwili ni kisaga kimoja. Visaga viwili ni pishi moja. Moja, mbili, nne: hizo ndizo nafasi tatu za kwanza za msingi mbili. Aliyehitaji vibaba vitatu alipimiwa kisaga kimoja na kibaba kimoja. Aliyehitaji saba alipimiwa pishi, kisaga na kibaba. Hakuna kipimo kilichorudiwa mara mbili, na hivyo ndivyo msingi mbili unavyofanya kazi.

Ushahidi wa pili, ulio mkubwa zaidi, ni fedha. Rupia ya Kihindi, iliyotumika sana katika biashara ya pwani katika karne ya 19, iligawanywa kuwa anna 16, na kila anna kuwa pesa 4. Hivyo rupia moja ilikuwa pesa 64. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipotengeneza sarafu zake kwa ajili ya Mombasa, kuanzia mwaka 1888, iliufuata mpango huo huo. Palikuwa na pesa ya shaba, na sarafu za fedha za rupia, nusu rupia, robo rupia na anna mbili. Tukizihesabu sarafu hizo za fedha kwa pesa, twapata 64, 32, 16 na 8: kila moja ni nusu ya iliyotangulia.

Natuchukue mfano mmoja ambao tutakwenda nao hadi mwisho wa makala. Mtu anadaiwa pesa 158, naye mkononi ana sarafu za namna tatu tu: rupia, anna mbili na pesa. Atalipaje kwa sarafu chache iwezekanavyo? Rupia 2 ni pesa 128, zimebaki 30. Sarafu 3 za anna mbili ni pesa 24; zimebaki 6. Atatoa basi rupia 2, anna mbili 3, na pesa 6. Ziandike tarakimu hizo kwa mfuatano: 2, 3, 6. Hayo ndiyo maandishi ya 158 katika msingi nane. Mwenye duka hakujua kwamba amebadili msingi. Alijua kwamba amehesabu fedha sawasawa.

Mpango huo haukudumu. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, rupia nayo ilikuwa ya pesa 64 mpaka mwaka 1904, Wajerumani walipoigawa upya kuwa heller 100. Unguja ilipata sarafu za senti zenye mwaka 1908. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuja florini ya mwaka 1920, na punde shilingi ya senti 100 ya mwaka 1921. Nusu na nusu ya nusu zilikwisha. Kumi na mia zikashika nafasi yake.

Badiliko hilo halikuwa jepesi sokoni. Rupia moja ni pesa 64, na rupia hiyo hiyo ni heller 100. Basi pesa moja ni heller 1 na zaidi ya nusu, yaani 1.5625 kwa hesabu kamili. Pesa moja haikuweza kubadilishwa kwa heller bila ya mmoja kupunjika. Ilihitajika kukusanya pesa 16 ndipo zipatikane heller 25 kamili. Hapo twaona kanuni muhimu: misingi miwili isiyokuwa na ukoo hubadilishana kwa taabu, yenye ukoo, kama 2, 8 na 16, hubadilishana kwa urahisi. Kanuni hii tutaikuta tena katika kompyuta.

Tazama pia yaliyoyapata maneno. Pesa ilikuwa sehemu ya 64 ya rupia. Leo ni fedha yoyote. Heller ilikuwa sehemu ya 100 ya rupia. Leo hela ni fedha yoyote. Mtu aweza kusema “sina pesa” asubuhi na “sina hela” jioni asijue kwamba ametaja misingi miwili iliyoshindana. Thumuni nayo kwa asili yake ya Kiarabu ni sehemu ya nane, lakini ilikuja kuwa jina la senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi. Thamani ya sarafu ilihama, jina likabaki nyuma. Mgeni anayejifunza lugha, akilichambua neno hilo, atapata hesabu isiyokuwa ya kweli.

FIKRA ZA ULAYA

Huko Ulaya, mwanafalsafa wa Kijerumani Gottfried Wilhelm Leibniz aliandika juu ya hesabu ya 0 na 1 mwaka 1679, na mwaka 1703 makala yake juu ya jambo hilo ikatolewa na Chuo cha Sayansi cha Paris. Si yeye aliyeiona kwanza, kwani Mwingereza Thomas Harriot, aliyefariki mwaka 1621, aliiacha hesabu ya namna hiyo katika maandishi ambayo hakuyachapisha. Lakini Leibniz ndiye aliyeieneza. Alifurahi sana alipopata kutoka kwa padri Joachim Bouvet, aliyekuwa Uchina, michoro 64 ya kale ya Wachina, kila mmoja wenye mistari sita, mizima au iliyokatika. Mistari sita, kila mmoja wa namna mbili, hutoa michoro 64, si zaidi wala si pungufu.

Kwetu sisi watu wa istilahi, kisa cha Uswidi kina mafunzo zaidi. Mfalme Charles XII alipendezwa na wazo la kuwa na msingi wa 64. Emanuel Swedenborg, mtaalamu aliyekuwa karibu naye, aliona kuwa huo ungekuwa mzito mno kwa watu wa kawaida, akapendekeza nane. Mwaka 1718, ambao ndio mwaka mfalme huyo alipouawa vitani Norwei, Swedenborg aliandika kitabu kidogo juu ya hesabu hiyo, ambacho hakikuchapishwa wakati huo. Aliona mara moja kwamba majina ya kawaida ya namba hayatafaa. Akazipa tarakimu 1 hadi 7 konsonanti, l, s, n, m, t, f na v, na sifuri akaipa irabu o. Hivyo nane ikawa “lo”, kumi na sita “so”, na sitini na nne “loo”. Majina hayo yalisema kweli juu ya msingi wake, lakini hayakuwa na ukoo na maneno ambayo watu walikuwa nayo tayari.

Mhandisi John W. Nystrom, mzaliwa wa Uswidi aliyeishi Marekani, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1862, katika mji wa Philadelphia, alichapisha mpango wa kuhesabu, kupima na kutumia fedha kwa msingi wa kumi na sita. Alibuni jina jipya kwa kila tarakimu: moja ni “an”, mbili “de”, tatu “ti”, nne “go”, na kuendelea hadi “ton”, ambayo ni kumi na sita. Mpango haukukubaliwa. Watu hawakatai hesabu kwa sababu ni mbaya. Mara nyingi hukataa kujifunza kuhesabu upya kwa maneno ambayo bibi zao hawakuyajua.

MASHINE YAHITAJI MBILI

Mambo yalibadilika kwa sababu ya umeme. Mwaka 1937 kijana Claude Shannon, katika tasnifu yake ya Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, alionyesha kwamba swichi za umeme, ambazo huwa zimefungwa au zimefunguliwa, zaweza kufanya kazi za mantiki ambayo George Boole aliieleza mwaka 1854. Nchini Ujerumani, Konrad Zuse alikamilisha mwaka 1941 mashine yake ya Z3, iliyohesabu kwa msingi mbili. ENIAC, mashine kubwa iliyoonyeshwa hadharani huko Philadelphia mwaka 1946, bado ilihesabu kwa kumi; lakini taarifa ya John von Neumann ya mwaka 1945 ilikuwa imekwisha kupendekeza mbili kwa mashine iliyofuata. Sababu ni rahisi. Ni kazi ngumu kutengeneza kifaa chenye hali kumi zinazotambulikana bila ya kuchanganyika. Ni kazi nyepesi kutengeneza chenye hali mbili.

Kinachoifaa mashine hakimfai binadamu. Namba yetu 158 katika msingi mbili ni 10011110. Njia ya kuipata ni kuigawanya namba kwa mbili mfululizo na kuweka kumbukumbu ya baki:

158 kwa 2 ni 79, baki 0
79 kwa 2 ni 39, baki 1
39 kwa 2 ni 19, baki 1
19 kwa 2 ni 9, baki 1
9 kwa 2 ni 4, baki 1
4 kwa 2 ni 2, baki 0
2 kwa 2 ni 1, baki 0
1 kwa 2 ni 0, baki 1

Baki zikisomwa kutoka chini kwenda juu zatoa 10011110. Kuirudisha ni kujumlisha thamani za nafasi zenye 1: 128, 16, 8, 4 na 2, ambazo jumla yake ni 158. Hesabu si ngumu, lakini macho huchoka. Mtu anayenakili safu ndefu za 0 na 1 hawezi kukosa kuruka moja.

Hapo ndipo nane na kumi na sita zilipopata kazi. Kwa kuwa 8 ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu, kila tarakimu moja ya msingi nane husimama mahali pa tarakimu tatu kamili za msingi mbili. Gawanya 10011110 katika mafungu ya tatu tatu kuanzia kulia: 10, 011, 110. Kila fungu lisome peke yake: 2, 3, 6. Msomaji atakumbuka rupia 2, anna mbili 3 na pesa 6 za Mombasa. Ni hesabu ile ile. Na kwa kuwa 16 ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara nne, mafungu ya nne nne, 1001 na 1110, hutoa tisa na kumi na nne. Hapahitajiki kugawanya wala kuzidisha; ni kukata mafungu na kusoma. Lakini kutoka mbili hadi kumi hapana njia ya mkato, kama vile isivyokuwapo kutoka pesa hadi heller.

Mashine nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na maneno ya tarakimu 12 au 36 za msingi mbili, ambazo hugawanyika vizuri kwa tatu, na hivyo watumiaji wake walipenda msingi nane. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza aina yake ya System/360, iliyojengwa juu ya baiti ya biti 8. Nane hugawanyika kwa nne, haigawanyiki kwa tatu. Tangu hapo msingi wa kumi na sita ulizidi kuenea.

Lakini tarakimu moja yasimamaje kwa kumi na nne? Ilihitajika alama sita mpya za 10 hadi 15, na kila mtengenezaji alichagua zake. ILLIAC ya Chuo Kikuu cha Illinois, ya mwaka 1952, ilitumia K, S, N, J, F, L. Bendix G-15 ya mwaka 1956 ilitumia u, v, w, x, y, z. IBM mwaka 1964 ilitumia A, B, C, D, E, F, na huo ndio utaratibu uliokubaliwa. Namba yetu 158 ni 9F katika ILLIAC, 9y katika Bendix, na 9E katika IBM. Lililo baya zaidi ni kwamba 9F haikuwa kosa katika IBM; ilikuwa namba nyingine, 159. Alama moja, maana mbili, na hakuna kengele inayolia.

MAJINA

Turudi sasa kwenye lugha yetu. Baraza lilipokuwa likitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, kompyuta nchini zilikuwa chache mno, na mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wake kwa kipindi kirefu. Istilahi za mashine hizo hazikupata nafasi ya kukua pamoja na istilahi za utawala na sheria. Baadaye kila mfasiri akajitafutia zake, na yafuatayo ndiyo majina tuliyoyakuta katika maandishi yaliyoletwa kwetu.

Wako wanaoandika bainari, oktali, desimali na heksadesimali. Hatuna chuki na maneno ya kukopa. Kompyuta yenyewe ni neno la kukopa, nalo limekubalika kuliko ngamizi. Lakini desimali imekwisha kuwa na kazi nyingine shuleni: ni sehemu iliyoandikwa kwa nukta. Mwanafunzi aambiwapo “andika 158 kwa desimali” huitafuta nukta. Ama heksadesimali, wanaoidhania kuwa ya kisayansi zaidi watambue kwamba nusu yake ni sita ya Kigiriki na nusu yake ni kumi ya Kilatini. Ni “kumi na sita” iliyovaa nguo za wageni wawili.

Wako wanaosema mfumo wa jozi. Lakini jozi ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja, kama viatu. Msingi mbili hauna vitu vinavyokwenda pamoja.

Wako, na ndio wengi, wanaosema mfumo wa mbili, wa nane, wa kumi, wa kumi na sita. Fikra hii ndiyo bora, kwa kuwa jina lataja msingi. Hata hivyo lina kasoro mbili. Kwanza, katika Kiswahili “mfumo wa nane” ni mfumo ulio baada ya ule wa saba. Kwa mbili tuna wokovu, kwani twatenganisha pili na mbili. Kwa nane hatuna. Pili, “kumi na sita” ikiwekwa katika orodha pamoja na kumi huvunjika vipande viwili, kama ilivyovunjika katika rasimu tuliyoieleza mwanzoni. Na katika somo hili kumi na kumi na sita hazikosi kuandamana.

Kwa kasoro ya kwanza twapendekeza kuiondoa “wa” na kuiacha namba isimame kama jina: msingi mbili, msingi nane, msingi kumi. Ni kama tusemavyo “chumba namba nane”. Hakuna anayedhani kwamba vyumba saba vimetangulia kujengwa.

Kwa kasoro ya pili twapendekeza neno ambalo lugha inalo tayari: sitashara. Pwani ilikuwa na majina kamili ya namba za juu ya kumi, edashara, thenashara, thelatashara, hadi tisatashara. Sitashara ni kumi na sita katika neno moja lisilokatika.

Tunajua litakalosemwa. Mwalimu wa bara atasema kwamba wanafunzi wake hawajawahi kulisikia, na kwamba ni Kiarabu. Kwa la pili twajibu kwamba sita, ishirini, mia na elfu ni Kiarabu pia, na hakuna anayeziona ngeni. La kwanza lina uzito, na sisi wenyewe tulisita kwa ajili yake. Lakini namba hizo hazijafa. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili, awe wa Bukoba au wa Bukavu, huwajua wale Thenashara bila ya kuhitaji kamusi. Aidha, istilahi ni neno linalofundishwa mara moja pamoja na maana yake, na mwanafunzi asiyejua sitashara hajui heksadesimali vilevile. Tofauti ni kwamba katika sitashara ataisikia sita.

Mapendekezo yetu kwa ufupi ni haya:

(a) Msingi liwe jina la namba ambayo kwayo thamani ya nafasi hukua. Mifumo iitwe msingi mbili, msingi nane, msingi kumi na msingi sitashara.

(b) Desimali iachiwe sehemu zenye nukta.

(c) Kitendo kiitwe kubadili msingi. Kushuka kwa kugawanya kuitwe kuvunja, kama tuvunjavyo noti. Kupanda kwa kujumlisha thamani za nafasi kuitwe kukusanya.

(d) Maandishi yasiyo ya msingi kumi yasomwe tarakimu moja moja. 236 ya msingi nane ni “mbili, tatu, sita”. Kamwe si “mia mbili thelathini na sita”, kwa kuwa hapo hapana mia wala thelathini. Kadhalika 10 ya msingi mbili si kumi. Ni “moja, sifuri”, na thamani yake ni mbili.

(e) Herufi A hadi F zibaki kama zilivyo, ingawa C haisimami peke yake katika maandishi yetu ya kawaida. Hapa si sauti, ni tarakimu. Msiba wa 9F unatosha kutukataza kubuni zetu.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali wanaoandaa miongozo ya kazi wayajaribu majina haya katika maandishi yao na kutuletea maoni, hasa pale yanapokwama. Rasimu iliyotuanzishia mjadala huu ilirudishwa kwa mfasiri wake, naye akakubali kuirekebisha. Jedwali la msingi wa sita limeondolewa, na sentensi ya kwanza sasa yasomeka hivi: “Katika sura hii tutajifunza msingi mbili, msingi nane na msingi sitashara.”